Mkoba wa gobori unanipiga paja na shingo imekakamaa, nibebe vipi?

Swali limetoka kwa kijana wa Likoni ambaye saa hii yuko Pennsylvania, Marekani. Nimelifupisha kidogo: "Shikamoo mzee. Wenzangu wa kazini wamenialika kuwinda kulungu kwenye ule msimu wa gumegume baada ya Krismasi. Nimenunua gobori ya kaliba .50, mkoba wa ngozi na pembe ya baruti. Juzi nimejaribu kutembea navyo msituni masaa matatu. Mkoba unanipiga paja kila hatua, pembe inanidunga mbavu, shingo imekakamaa, na nikivaa glavu sioni cha kushika humo ndani. Wenzangu wanapanda milima kama hawajabeba kitu. Nakosea wapi?"

Marahaba mwanangu. Umenichekesha na umenikumbusha mbali, manake hayo yote uliyoyataja yalinipata mimi mwaka wangu wa kwanza huko huko Pennsylvania. Siku hizi niko hapa Mombasa nashona makubadhi na mikoba, lakini miaka niliyokaa huko sikukosa msimu wa gumegume, kwa hivyo hapa sikuhadithii ya kusikia.

Kabla sijaendelea niwaambie wasomaji wa hapa nyumbani, najua mtaanza kuuliza gobori inauzwa wapi: Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, kwa hivyo haya ni mambo ya huko kwa wenye leseni ya huko, msije mkaniletea askari mlangoni. Na kwa wasiojua, gobori ni bunduki inayojazwa kwa mdomoni, unatia baruti, inafuata risasi ya duara iliyofungwa kitambaa, unashindilia na mdeki, ule ufito mrefu, mpaka chini. Gumegume ni ile inayowashwa na jiwe, jiwe linapiga bamba la chuma, cheche zinaangukia kwenye kifa, kile kisahani cha pembeni chenye baruti kidogo, moto unapita kwenye tundu mpaka ndani. Pennsylvania wana msimu wa gumegume peke yake tangu 1974. Maneno haya yote wazee wetu wa pwani walikuwa nayo, gobori, kifa, mdeki, beti ya kuwekea risasi, kalibu ya kutengenezea risasi, leo mwambie kijana wa Bondeni akuletee mdeki atakuletea tambara la kudekia sakafu.

Haya, tuje kwenye shida yako. Ulivyoandika naona unadhani mzigo wako ni mzito. Si mzito. Unacheza. Hamali wa Marikiti anabeba gunia la kilo tisini na hapigwi paja na kitu, kwa sababu gunia limelala juu yake limetulia, na wewe na kilo mbili za ngozi umetoka na shingo mbovu. Kitu kikining'inia chini kinakuwa pendulamu, kila hatua kinaenda na kurudi, na kila kikirudi mkanda unavuta shingo. Masaa matatu ya kuvutwa hivyo, lazima ukakamae.

Kwa hivyo kitu cha kwanza, pandisha mkoba. Nina hakika umeuvaa kama makanga wa matatu, unaning'inia kwenye nyonga, hivyo ndivyo kila mtu anavyoanza. Mkoba wa gobori unakaa juu, chini kidogo ya kwapa, mgongo wake umelalia mbavu za mwisho na ukingo wa chini haupiti mshipi wa suruali. Ukikunja kiwiko mkono uingie mkobani wenyewe bila kuinamisha bega. Mara ya kwanza utaona kama uko juu mno, utajiona kama mtoto wa madrasa na juzuu yake kwapani, vumilia, tembea nao nusu saa halafu uniambie. Ukiwa juu hivyo mkono wako wenyewe unaubana ubavuni, na ukipanda mlima hauna pa kuchezea.

Mkanda upite bega la kushoto, mkoba ukae kulia, kama wewe ni mtu wa mkono wa kulia. Hii ina sababu: kitako cha bunduki unakiweka bega la kulia na pale hutaki mkanda wala bizimu ya chuma, kitako kinateleza na bizimu inakuuma bunduki ikirudi nyuma. Na mkanda ukae begani, si shingoni. Ukiona unakimbilia shingoni jua ni mwembamba mno au ni mfupi. Mikanda mingi inayouzwa na mikoba hii ni ya vidole viwili, kazi yake ni kupendeza kwenye picha. Mimi nakata wa sentimita nne mpaka tano pale unapolalia bega, huku mwisho unaweza kuwa mwembamba, na upande wa ndani nauacha ule wenye manyoya ya ngozi usiteleze juu ya koti.

Alafu hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanapima mkanda wakiwa na shati ndani ya nyumba. Januari huko utakuwa na fulana, sweta, koti zito juu, yote hayo yanakula mkanda karibu vidole vinne. Mkoba uliokaa vizuri sebuleni utakuta umekubana kifua msituni na huwezi kuuzungusha. Vaa kila kitu, mpaka glavu, ndio upime.

Kama bado unacheza baada ya hapo, chukua mshipi wa ngozi au hata wa kitambaa, uvae juu ya koti na juu ya mkanda wa mkoba. Basi. Unapotembea sana mshipi unaushika mkoba, unapofika mahali pa kukaa unaufungua.

Sasa pembe. Pembe inakudunga mbavu kwa sababu mkunjo wake umeugeuzia nje, au umenunua pembe ya upande mwingine. Ng'ombe ana pembe mbili na hazikunjiki sawa, moja itakumbatia ubavu wako wa kulia na nyingine itausukuma. Kabla hujainunua iweke mwilini, tumbo la pembe lilalie mbavu na ncha ielekee mbele na juu kidogo, iache nafasi ya mkono kupita. Kama uliyonayo ni ya upande wa pili, ihamishie kushoto na mkanda wake mwenyewe, hakuna sheria inayosema pembe na mkoba lazima viwe pamoja. Mimi lakini pembe yangu nimeifunga kwenye mkanda huo huo wa mkoba, juu ya mkoba, kwa kamba mbili za ngozi. Mkanda mmoja, kuvaa mara moja, kuvua mara moja. Mikanda miwili inapishana kifuani inatafutana kila ukigeuka.

Na ukubwa wake. Pembe ikibeba nusu ratili ya baruti hizo ni greni 3,500 (greni ni kipimo kidogo cha uzito wa baruti na risasi), na kwa kaliba .50, yaani mtutu wa upana wa nusu inchi, ukitumia greni 80 kila mara hiyo ni baruti ya risasi arubaini na tatu. Arubaini na tatu! Mwanangu unaenda kuwinda kulungu, si kuuzingira Fort Jesus. Siku nzima ukipiga mara mbili ni siku ya ajabu. Risasi ya duara ya .490, yaani upana wa inchi 0.490, ambayo ndiyo inayoingia kwenye .50 yako na kitambaa ina uzito wa greni 177, kama gramu kumi na moja na nusu. Chukua risasi sita na baruti yake, vyote pamoja gramu mia hivi, hata nusu robo ya sukari haifiki. Pembe ndogo ya robo ratili inatosha na inabaki, ile kubwa iache nyumbani ujazie hii.

Au usibebe pembe kabisa. Wazee wa gumegume watanisema, waache waseme. Kuna vichupa vya plastiki vya kifuniko kigumu, unapima greni 80 nyumbani mezani kwa utulivu, unatia kwenye vichupa vitatu vinne, unaviweka mfuko wa kifuani wa koti vikiwa vimefungwa sawasawa, mbali na kiberiti na mbali na moto wa kambi. Vidole vya baridi vinafungua kichupa haraka kuliko kizibo cha pembe. Kwa mtu wa msimu wa kwanza mimi ningesema hivyo, pembe utaifurahia mwaka wa pili. Hapo pa kujazia kwenye kifa unabeba kidude kidogo tu cha baruti, wengine wanataka ile laini kabisa ya FFFFg ya kifa peke yake lakini FFFg ile ile ya mtutuni inawaka vizuri tu, kwa hivyo hiyo ni chupa moja ya ziada umeiacha.

Ukibaki na pembe, neno moja la usalama ambalo sitaki ulisahau hata ukisahau mengine yote: usimimine baruti kutoka kwenye pembe moja kwa moja mtutuni. Mimina kwenye kipimo cha baruti kwanza, ziba pembe, ndipo umimine kipimo. Kukibaki kaa dogo ndani la mlipuko uliopita, kipimo kikiwaka utaungua vidole, pembe nzima ikiwaka hutakuwa na vidole. Na kizibo kifunge kwa uzi kwenye pembe yenyewe. Mwaka wangu wa pili kizibo kilichomoka nikiwa napita chini ya matawi, nikatembea mlima mzima namwaga baruti kwenye koti kama ndoo iliyotoboka, nikaja kugundua nilipokaa. Na kule kulikuwa na jamaa anawasha sigara.

Sasa ndani ya mkoba, na hapa ndipo glavu zako zitapata nafuu. Nina hakika ukiumwaga wako mezani utaona karakana. Kila kitu kilichoandikwa kwenye orodha ya muuzaji umenunua. Toa. Wangu ulikuwa na hivi: kijiti kifupi cha kuanzia kusukuma risasi, mawe mawili ya akiba na kipande cha ngozi cha kuyashikia, bisibisi ndogo, ile parafujo ya kung'olea risasi na ile ya kuvuta kitambaa zinazoingia kwenye ncha ya mdeki, na vitambaa vya kufutia. Kwisha. Mdeki wenyewe umekaa mahali pake chini ya mtutu. Ule mdeki mrefu wa chuma wa uwanja wa shabaha, sabuni, chupa za dawa ya kusafishia, brashi kubwa, vyote hivyo vilale garini. Gobori inataka maji ya moto na sabuni jioni hiyo hiyo, masizi ya baruti yanakula chuma, lakini utaisafisha nyumbani, huwezi kuiosha juu ya mlima.

Kibao cha risasi wengi wanakidharau na kwangu ndicho kitu cha maana kuliko vyote. Ni kipande cha ubao mgumu, urefu wa kiganja, kina matundu matano au sita ya upana wa risasi. Jioni nyumbani unapaka vitambaa mafuta, unaweka juu ya tundu, unasukuma risasi ndani na kitambaa chake. Kesho yake msituni huhangaiki na kitambaa, mafuta na risasi inayoteleza kwenye glavu, unaweka tundu la kibao juu ya mdomo wa mtutu, unasukuma kwa kijiti kifupi, risasi na kitambaa vinaingia pamoja. Unakivaa shingoni kwa kamba fupi, kinakaa ndani ya koti kifuani, hapo mafuta hayagandi na vitambaa havikauki. Mara moja moja kikague, risasi isiwe imeanza kuchungulia.

Kipimo nacho usikitie ndani ya mkoba, kifunge kwa kamba ya ngozi kwenye mkanda, mbele, kiwe kinafika mtutuni bila kufunguliwa. Vile vile sindano ya kuzibulia tundu la moto na kibrashi cha kufagilia kifa, vining'inie kifuani lakini kila kimoja na kamba yake na urefu wake, visikutane. Kwa sababu sasa nakuja kwenye kelele.

Unamkumbuka muuza kahawa wa Mji wa Kale, dele mkono mmoja na vikombe mkono mwingine, anavigonga kling kling ili watu walioko barazani wajue amefika? Mimi asubuhi moja, theluji imetulia, hakuna upepo, kulungu watatu wanashuka taratibu kuelekea nilipo, mimi nikainama nipite chini ya tawi nikapate pa kuegemea. Mkoba ukaja mbele, kipimo cha shaba kikagonga mtutu, ting. Kidogo tu. Wale wanyama hawakukimbia papo hapo, waliinua vichwa wote watatu kwa pamoja wakaniangalia, halafu ndio mikia ikainuka. Nikauza kahawa hivyo na mteja hakuna. Tangu siku hiyo kipimo changu ni cha pembe ya ng'ombe, si cha shaba, na kila chuma ndani ya mkoba nimekifunga kwenye kitambaa kile kile cha kufutia, kwa hivyo vitambaa vinafanya kazi mbili. Jaribu kabla hujatoka: vaa kila kitu, simama sebuleni, rukaruka mara tano. Kama mkeo jikoni amekusikia, kulungu atakusikia.

Na kujua kitu kiko wapi si mambo ya macho. Kila kitu kipe mahali pake na kisihame milele. Kaa nyumbani jioni bila baruti, fumba macho, glavu mkononi, na ujifanye unajaza: kitako chini kati ya miguu, mdomo wa mtutu mbali na uso, mkono kwenye kipimo, mkono kwenye kibao, kijiti, mdeki, sindano, kifa. Mara ya kwanza utapapasa kama mtu anatafuta kiberiti stima imepotea. Ukifika mara ya ishirini mkono unaenda wenyewe. Na chora alama kwenye mdeki pale unapotokeza mtutuni gobori ikiwa imejazwa sawasawa, hiyo haina uzito wowote na itakwambia kama risasi imefika chini. Ikibaki juu kidogo na baruti usipige, sukuma kwanza. Kuna siku utashindilia risasi bila baruti, hilo si kama, ni lini, sote tumefanya. Kwa gumegume unapenyeza punje chache za baruti kwenye tundu la moto, unahakikisha risasi iko chini kabisa, unaelekeza pasipo na mtu unaitoa. Ikigoma ndio unatumia ile parafujo.

Kuhusu bunduki yenyewe, gobori ndefu ina kilo nne hivi na nyingi hazina mkanda wa kubebea. Ukichoka mikono kuna mikanda ya ngozi ya vitanzi, kimoja kinazunguka mtutu na mdeki na kingine shingo ya kitako, hutoboi mbao. Na mtambo ufunike na kile kifuniko cha ngozi kilichopakwa nta au mafuta, huko theluji inayeyuka inadondoka kwenye kifa na baruti ikishaloa ni uji. Ukikaa muda mrefu ifagie baruti ya kifa utie mpya, usibahatishe.

Ukipanda kwenye kiti cha juu ya mti, kwanza vaa ile mikanda ya kujifunga, ndipo mkoba juu yake, ukigeuza mpangilio utajifunga na mkanda wako mwenyewe kama kuku wa Kongowea. Gobori haipandi mgongoni. Fagia kifa, fungua lile bamba la chuma, ifunge kamba, panda mikono mitupu, halafu uivute, mdomo ukiangalia chini na wewe usiwe mbele yake. Ukishakaa unatia baruti ya kifa upya. Sheria za lini bunduki inahesabika imejazwa zinatofautiana jimbo na jimbo, za huko zisome kwenye kijitabu cha Game Commission, idara ya wanyamapori ya jimbo, wale maafisa wa misituni hawana mchezo.

Begi la mgongoni ukiweza liache. Chai ya chupa na mkate na kamba ya kuburutia mnyama vinaingia kwenye begi dogo la kiunoni upande wa nyuma, na kisu kwenye mshipi upande wa kushoto ambako hakuna mkoba. Ukilazimika kubeba la mgongoni, livae kwanza na mkoba uje juu, ingawa kila ukitaka chai itabidi uvue vyote viwili, na hapo ndipo utakapokubaliana na mimi.

Moja nje ya swali lako. Ukija likizo nyumbani usithubutu kuweka baruti kwenye sanduku la ndege, hairuhusiwi mkononi wala kwenye mzigo wa chini. Hata pembe tupu ioshe vizuri kama unataka kuniletea niione.

Kazi ya wiki hii ni ndogo: mkoba ule ule ulionunua, usitupe, toa vitu nusu na ufupishe mkanda. Toboa tundu moja tu la bizimu kwanza, lile la pili usitoboe mpaka uwe umevaa lile koti la Januari na umepanda nalo mlima mmoja.